Kipimajoto cha bunduki GM320 kwenye kazi ya breki na habu: kinaposema kweli na kinapodanganya

"Gari linavuta kushoto na tairi la mbele linanuka moto." Malalamiko haya yakifika gereji, mara nyingi jibu ni moja tu: tubadilishe pedi. Pedi mpya zinafungwa, gari linatoka, na haupiti muda harufu ileile inarudi, kwa sababu kilichokuwa kinakula pedi bado kimo ndani ya gari. Huenda ni pistoni iliyoganda, mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye gurudumu) ulioziba kwa ndani, au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Mteja analipia pedi ambazo hazikuwa na kosa, huku habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi) ikiendelea kuungua.

Kipimajoto cha bunduki kinaweza kumaliza mchezo huu, lakini kikiwa mikononi mwa mtu anayejua kusoma anachokiona. Tunachokizungumzia hapa ni GM320, ile bunduki ndogo inayopatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme na mitandaoni, na tunailinganisha na Fluke 62 MAX+, ambayo ni kifaa cha bei ya juu. Bei ya GM320 ni chini ya seti moja ya pedi halisi za Land Cruiser. Kwa gereji inayofanya kazi za breki kila siku, hakuna sababu ya kukosa kifaa hiki.

Kinafanya kazi kwa kupokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu. Hakigusi chochote na jibu linatoka papo hapo. Kinatumia betri mbili ndogo za AAA. Uwiano wa umbali na eneo la kipimo ni 12 kwa 1, maana yake ukisimama sentimita 60 kutoka kwenye habu, unapima duara lenye upana wa sentimita 5, na ukisogea nyuma hadi sentimita 120, duara linakuwa sentimita 10 na tayari unachanganya habu, rimu na hewa iliyo katikati. Hili ndilo kosa la kwanza la watumiaji wengi: wanaamini kipimo kinatoka pale kwenye kidoa chekundu cha leza. Leza inaonyesha mwelekeo tu. Kwa kazi ya habu, sogea hadi sentimita 20 au 30.

Angalia pia kioo kinaonyesha nyuzi za Selsiasi au za Farenhaiti. Kitufe cha kubadilisha kinabonyezwa kwa urahisi mfukoni, na fundi anayesoma 158 akidhani ni Selsiasi ataivua habu nzima bure, kumbe ni nyuzi 70, joto la kawaida kabisa kwa gari lililotoka safari mchana wa Dodoma.

Sasa jambo lenyewe. Kifaa hiki hakina namba moja ya kukuambia "hapa ni salama, hapa ni hatari". Diski ya mbele iliyotoka kuteremka mlima inaweza kuwa na nyuzi 250 na ikawa nzima kabisa. Diski ya nyuzi 110 kwenye barabara tambarare ambako dereva hakugusa pedeli ni gari lenye ugonjwa. Thamani ya bunduki hii ni kulinganisha: kushoto na kulia kwenye ekseli moja, katikati ya habu na diski, kabla ya kushika breki na baada. Ndiyo maana tunashauri kufanya vipimo viwili tofauti kwa utaratibu uleule kila mara.

Kipimo cha kwanza ni cha kutafuta kinachoshika au kinachosugua. Endesha gari kilomita 10 hadi 15 kwenye barabara iliyonyooka, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Mwishoni achia mafuta, liache gari lipungue mwendo lenyewe mpaka lisimame, na usivute hendibreki. Weka gia na zuia tairi kwa jiwe au kabari. Shuka mara moja upime. Kila gurudumu lipimwe sehemu tatu: katikati ya habu, diski au dramu, na mwili wa kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Andika namba kwenye karatasi, maana ukifika gurudumu la nne umeshasahau la kwanza. Usichelewe zaidi ya dakika mbili, kwa sababu chuma hugawana joto: diski iliyoshika itaipasha habu, na baada ya muda zote zitakaribiana, ushahidi ukapotea.

Kwa gari lisilo na kosa, tofauti ya kushoto na kulia huwa nyuzi chache, tuseme chini ya 15. Ikizidi 30, kuna kitu. Na hapo ndipo mahali joto lilipokaa panapokueleza cha kutafuta. Diski ikiwa na moto mkali kuliko habu, kosa liko upande wa breki. Katikati ya habu pakiwa na moto kuliko diski yake, kosa liko kwenye beringi: imekazwa mno, imekauka grisi, au imeanza kumeng'enyuka. Kalipa ikiwa na moto upande wa ndani na baridi upande wa nje, pini zake zimeganda na pedi ya ndani ndiyo inayobeba kazi yote. Ukizitoa pedi utakuta moja imebaki karatasi na nyingine karibu mpya. Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa na moto sawasawa bila kushika breki, usipoteze muda kwenye kalipa. Nenda kwenye masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) na busta (inayoongeza nguvu ya mguu kwenye pedeli). Hali hii hutokea sana baada ya kubadilisha busta au masta: fimbo ya kusukumia ikiwa ndefu kidogo, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na kila mafuta yanapopata joto na kutanuka, breki zinajikaza zenyewe. Chanzo kingine cha hali hiyohiyo ni mtu kuongeza oili ya injini au ya pawa kwenye chupa ya breki. Mipira yote ya sili ndani ya mfumo inavimba, na hapo hakuna ujanja ila kubadilisha mipira yote na kusafisha mfumo mzima.

Bunduki imekuonyesha gurudumu. Haijakuonyesha kosa lenyewe, na mapitio yanayosema kifaa hiki "kinatambua tatizo" yanadanganya watu. Kazi inayofuata ni ya spana. Gari likiwa bado na moto na gurudumu bado limeshika, liinue kwa jeki, weka stendi, jaribu kulizungusha kwa mkono. Kama ni gumu, legeza kwanza nati ya paipu pale kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu: masta au busta. Kama halikuachia, kaza nati hiyo, shuka kwenye kalipa, ufungue nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka kwa presha na gurudumu likaachia, mpira wa breki ndio umeziba. Kwa nje unaonekana mzuri, lakini ndani tabaka limechanika na kufanya kama vavu, mafuta yanapita ukikanyaga na hayarudi ukiachia. Kama hata baada ya kufungua nipo gurudumu bado ni gumu, kosa ni la kimitambo: pistoni yenye kutu, pini, kiatu cha dramu, waya wa hendibreki, au beringi. Vaa miwani, mafuta hayo ni ya moto na yanababua rangi ya gari. Ukimaliza, toa upepo upya.

Ili kutenganisha beringi na breki, vua kalipa, ining'inize kwa waya isivutwe na mpira wake, kisha zungusha habu huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi iliyochoka husikika kwenye springi kama mkwaruzo wa mchanga hata kabla masikio hayajasikia. Halafu rudisha gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boli jointi au kingipini.

Kuna uhusiano ambao watu wengi hawauoni kati ya habu yenye moto na breki zinazofeli, nao unakwenda pande zote mbili. Breki inayoshika hupika grisi ya beringi. Grisi ya kawaida ya lithiamu huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 180 hadi 190, na huanza kukosa nguvu chini zaidi ya hapo. Grisi ya lithiamu komplex huvumilia hadi karibu 260 kabla ya kudondoka. Ikishakuwa majimaji, inapita kwenye sili na kumwagikia pedi au viatu, na sasa gurudumu lililokuwa linashika linateleza. Kwa upande wa pili, beringi iliyolegea huiacha diski ikiyumba na kuzisukuma pedi ndani ya kalipa. Dereva anakanyaga, pedeli inazama mara ya kwanza, inakuwa ngumu mara ya pili. Gereji inatoa upepo mara tatu na upepo haupo. Kabla hujanunua masta silinda kwa dalili hiyo, tikisa magurudumu, na urekebishe viatu vya nyuma.

Kwenye Land Cruiser 80 na ndugu zake zenye habu za mbele za kufungua, kosa kubwa linafanyika wakati wa kukaza. Nati inataka soketi ya milimita 54. Wengi hawana, wanagonga kwa patasi na nyundo, wanakadiria kwa mkono. Utaratibu wa kiwandani ni huu: kaza nati ya kurekebishia kwa toki renchi hadi 59 Nm huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili beringi zikae, legeza mpaka nati izunguke kwa vidole, kaza tena hadi 5.4 Nm tu. Kisha funga mizani ya kuvutia kwenye stadi ya gurudumu na uvute: habu inapoanza kuzunguka mizani isome kati ya 28 na 56 N, yaani takriban kilo 3 hadi 6. Weka washa ya kufungia, kaza nati ya nje 64 Nm, kunja sikio moja la washa ndani na moja nje. Beringi zijazwe grisi mpaka itokeze upande wa pili wa rola, lakini nafasi ya ndani ya habu ijazwe theluthi hadi nusu. Kuishindilia habu yote grisi ni kuongeza joto, kwa sababu rola zinaikoroga bila pa kuipeleka. Na beringi mpya ifungwe na kikombe chake kipya, kamwe si ndani ya kikombe cha zamani. Magari madogo kama Vitz na IST hayana marekebisho haya. Beringi ya mbele inaingizwa kwa presi, na ikipigwa nyundo inaanza kufa siku hiyohiyo.

Baada ya kazi, hapa ndipo bunduki inalipa gharama yake. Rudia safari ileile ya kilomita 10 hadi 15, pima, linganisha na karatasi. Habu iliyorekebishwa ikibaki na moto kuliko mwenzake kwa zaidi ya nyuzi 20, fungua tena kabla gari halijaondoka.

Kipimo cha pili ndicho watu wengi wanakisahau, nacho kinaokoa maisha zaidi. Tafuta barabara isiyo na magari, endesha kilomita 60 kwa saa, shika breki kwa nguvu ya kawaida hadi 10, rudia mara tano bila kusubiri, simama, pima diski na dramu zote. Za mbele zitakuwa na joto zaidi ya za nyuma, hiyo ni kawaida kwa sababu uzito hukimbilia mbele. Unachotafuta ni gurudumu lililobaki baridi. Hilo halifanyi kazi. Gurudumu la moto hunuka, hutoa moshi, dereva anashtuka na kusimama. Gurudumu baridi halisemi chochote, na matatu yaliyobaki yanabeba mzigo wake mpaka siku ya mteremko mrefu. Kwa maoni yetu, kuonyesha gurudumu baridi ndiyo kazi bora kabisa ya kifaa hiki.

Moja likiwa baridi, angalia wili silinda iliyoganda, kalipa, au viatu vilivyolowa oili. Kwenye HiAce, oili ya difu hupita sili ya ekseli na kuingia kwenye dramu. Kabla ya kufunga sili mpya, hakikisha kipumulio cha difu hakijaziba kwa udongo, la sivyo presha itaitoa na hiyo mpya. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa baridi kwenye HiAce au Hilux iliyoongezwa majani ya springi, kagua vavu ya kupima mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Vavu hii inatambua mzigo kwa gari kushuka. Ukiongeza majani gari halishuki, vavu inadhani gari ni tupu na kuinyima nyuma presha, wakati kuna tani nzima ya mahindi. Diski za mbele zitapika, nyuma hakuna msaada. Mkono wa vavu lazima urekebishwe baada ya kuongeza majani, na ni gereji chache zinazokumbuka.

Kwa malori yenye breki za upepo kanuni ni ileile. Lori likifika Ruaha Mbuyuni baada ya kuteremka Kitonga, au likishuka Sekenke, tandiboi mwenye bunduki anaweza kupima dramu zote kwa dakika tatu. Dramu baridi katikati ya zenye moto ina slaki adjasta (mkono unaorekebisha nafasi ya breki) iliyolegea au iliyoganda. Kwa chemba (chombo cha upepo kinachosukuma fimbo ya breki) ya kawaida aina ya 30, fimbo isitoke zaidi ya milimita 51 breki zikikanyagwa. Lakini usisimame ubavuni mwa tairi la dramu inayofuka; pima ukiwa mbele au nyuma ya gari, kwa pembe, na kama kuna moto wa kweli ondoka hapo. Usimwagie maji dramu wala diski, itapasuka.

Kuna kitu bunduki haikioni kabisa: mafuta ya breki yaliyo ndani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yaliyokaa miaka ndani ya gari la pwani, ambako hewa ina unyevu, yanaweza kuchemka kwenye mteremko ambao breki zenyewe zingeuhimili. Pedeli inazama mpaka chini, ukisimama nusu saa inarudi, na fundi haoni kosa lolote. Ukipata mwili wa kalipa unasoma zaidi ya nyuzi 140 na hujui mafuta yalibadilishwa lini, yabadilishe yote. Hakuna kipimo cha nje kitakachokuhakikishia.

Sasa uongo wake. GM320 inayouzwa sana imefungwa kwenye emisiviti ya 0.95, yaani inadhani kila uso hutoa joto kama rangi nyeusi isiyong'aa. Chuma chenye kutu, mpira na rangi vinakaribia hapo. Diski iliyong'arishwa na pedi iko mbali sana, na rimu ya alumini inayong'aa mbali zaidi. Zitasoma baridi wakati zinaunguza. Usipime uso unaong'aa. Lenga ukingo wenye kutu wa diski, mwili wa kalipa, au paka kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa ya kuhimili joto kwenye kifuniko cha habu na kwenye kofia ya diski, kamwe si pale pedi zinaposugua. Tope pia lipanguswe: ukilenga tope, unapima tope. Na ukilinganisha kushoto na kulia, lenga sehemu ileile kwa umbali uleule, la sivyo tofauti unayoiona umeitengeneza wewe.

Hapo ndipo Fluke 62 MAX+ inapoizidi. Emisiviti yake inarekebishwa kuanzia 0.10 hadi 1.00, inapima hadi nyuzi 650, ina leza mbili zinazokuonyesha upana wa eneo unalopima, inahifadhi kiwango cha juu kabisa wakati unazungusha lengo, na imejengwa kustahimili vumbi na kuanguka. Uwiano wake wa umbali ni 12 kwa 1 vilevile. Kwa kampuni ya mabasi au malori yenye kumbukumbu za ukaguzi, inafaa kulipia tofauti hiyo. Kwa gereji ya mtaani yenye kopo la rangi nyeusi, GM320 inatosha, mradi tu usitegemee namba zake kwenye moto mkubwa: soma kikomo cha juu kwenye boksi kabla ya kulipa, kwani matoleo yanatofautiana.

Dukani, angalia usiuziwe bunduki za paji la uso zilizobaki tangu wakati wa korona. Umbo ni lilelile, ila hizo zimetengenezwa kwa joto la mwili na zikielekezwa kwenye habu zitaandika alama ya kupita kiwango. Ijaribu hapohapo dukani kwenye kikombe cha chai inayochemka: elekeza kwenye ubavu wa kikombe, karibu. Ikisoma chini ya nyuzi 60, rudisha. Na ikiwa gari lako linaishi barabarani, ihifadhi ndani ya kabini pamoja na betri za akiba, isikae kwenye sanduku la spana kulikojaa grisi. Kioo cha mbele kikipakwa mafuta, kila kipimo kitashuka.